Mapambo ya Nyumba Kutokana na Pakiti za Vyakula

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka na kuchapwa hapa kwa agizo la Halmashauri



Halmashauri imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya kazi iliyofanywa mwaka huu na akina mama wa Chama hapa Nairobi, yaani kazi ya kugeuza pakiti za vyakula zilizokwisha kuwa mapambo ya nyumba. Twajua ya kuwa baadhi ya Wazee wetu waliposikia habari hii mara ya kwanza walicheka, na wengine walikasirika, wakauliza kama Chama kilichoanzishwa ili kuzika wafu wetu na kusaidia wagonjwa sasa kimekuwa chama cha kuokota takataka. Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe kwa adabu na kwa ukamilifu. Hatukuja hapa kulikwepa.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi jambo hili lilivyoanza, maana halikuanza kwa mapambo. Lilianza kwa jeraha.

Mtakumbuka ya kuwa katika taarifa ya mwaka uliopita Mweka Hazina alisoma malipo yaliyotoka katika mfuko wa msaada kwa ajili ya mtoto wa mwanachama wetu aliyeungua mkono. Taarifa ile haikusema aliungua namna gani. Mtoto huyo, mvulana wa miaka tisa, alitumwa na mama yake kuwasha jiko la makaa jioni. Akafanya kama wafanyavyo watoto wengi mitaani mwetu, na kama sisi wenyewe tulivyofanya mara nyingi: akachukua pakiti ya maziwa iliyokwisha, akaitia kiberiti, akaishika juu ya makaa ili yapate kushika moto. Plastiki ikayeyuka, ikadondoka matone yenye moto, na tone moja likaangukia mgongo wa kiganja chake, likagandamana na ngozi. Aliyepata kuunguzwa na plastiki ajua ya kuwa haipanguswi kama maji ya moto. Hushika kama gundi, na huku ikiendelea kuunguza.

Tulipokwenda kumtazama, sisi tuliotumwa na Halmashauri, mama yake alitwambia neno ambalo halijatutoka. Alisema, "Ndugu zangu, pakiti ile nilikuwa nimeiweka kando ya jiko kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa sikujua pa kuitupa."

Tulirudi nyumbani kimya. Kila mmoja wetu alipotazama kando ya jiko lake aliona pakiti zile zile.

Wazee wetu, chakula cha siku hizi huja kimevikwa plastiki. Maziwa, mkate, sukari, mchele, chumvi, biskuti, vyote vina vazi lake, na vazi hilo hubaki mlaji akisha shiba. Plastiki ya pakiti laini za maziwa, iitwayo politheni, ilipatikana kwa bahati katika maabara moja huko Uingereza mwaka 1933. Basi katika muda ambao ni kama maisha ya mzee mmoja, kitu hiki kimetoka mahali ambapo hakikuwako kabisa, kikaingia katika kila nyumba. Mababu zetu walipomaliza kula walitupa jani la mgomba, na mbuzi akalila. Pakiti haioozi kama jani, na mbuzi akiila aweza kufa.

Serikali haikukaa bure. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku katika Kenya nzima, na adhabu ikawekwa kuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Wengi wetu tulidhani taabu imekwisha. Lakini marufuku ile haikugusa vifuko ambavyo bidhaa hutiwa kule kiwandani. Kwa hiyo mfuko wa duka uliondoka, na pakiti ya maziwa ikabaki. Pakiti hizo zikichukuliwa na gari la taka, nyingi huishia katika jaa la Dandora, ambalo lilianza kutumiwa katika miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na hata baada ya tangazo hilo magari hayakuacha kwenda. Zisipochukuliwa, huziba mitaro, na mvua ikinyesha maji huingia nyumbani kwetu. Na zisipoziba mitaro, huchomwa.

Katika kuchomwa ndiko tulikoiona hatari ya nyumba zetu. Mbali na matone, kuna moshi. Moshi wa plastiki hukereta macho na kifua, na plastiki nyingine, hasa zile zenye klorini ndani yake, zikiungua hutoa sumu kali ambayo hukaa mwilini kwa muda mrefu. Jiko la chumba kimoja, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, mtoto mchanga kitandani: hapo si mahali pa moshi huo.

Basi shabaha ya kazi hii ni moja tu, nasi twaomba ikumbukwe. Twataka pakiti isifike jikoni. Mama akijua ya kuwa pakiti ina kazi nyingine, huiosha na kuiweka mbali na moto. Mapambo ni njia tu ya kuipa pakiti thamani, ili mtu aone hasara kuichoma.

Na hapa twarudi kwa Wazee wetu wasemao ya kuwa ni aibu kuleta takataka sebuleni. Kwa heshima twawaomba wajikumbushe mambo waliyotufundisha wao wenyewe. Kibuyu kilipopasuka, bibi zetu hawakukitupa. Walitoboa matundu kandokando ya ufa, wakakishona kwa uzi, na kibuyu kilichoshonwa vizuri kilipendeza kuliko kile kizima. Debe la mafuta ya taa lilipokwisha mafuta lilikatwa likanyooshwa, likawa bati la kuezekea nyumba. Mkebe mdogo ukawa koroboi, nasi tuliosoma kwa nuru yake hatukuona aibu. Gurudumu la gari likawa akala, na wazee waliotembea kwa akala kutoka kijijini hadi mjini kutafuta kazi wamo humu ukumbini. Hakuna aliyeita vitu vile takataka. Viliitwa kwa majina ya kazi vilizofanya. Nasi twasema ya kuwa pakiti nayo haijapata jina kwa sababu haijapewa kazi.

Sasa tueleze kazi yenyewe, ili mwanachama asiyeweza kufika Jumamosi aweze kuijaribu nyumbani kwake. Akina mama wamejaribu njia nyingi, na tatu zimesimama.

Njia ya kwanza ni ya pakiti za maziwa na za mkate. Pakiti hukatwa juu na chini, huoshwa kwa maji na sabuni kidogo, hasa ile ya maziwa, kwa kuwa mafuta ya maziwa yakibaki hunuka na kuita mende. Ikisha kauka hulazwa juu ya meza na kukatwa kwa kuivuka upana wake, kila kipande upana wa vidole viwili, hata zipatikane pete. Pete hizo huunganishwa kwa kupitisha moja ndani ya nyingine na kuikaza, bila gundi wala fundo la pili, na hapo mama huwa amepata uzi. Uzi huo husokotwa kuwa mpira, kisha hufumwa kwa sindano ya kroshia kama sufu. Mkeka mdogo wa mlangoni ulitutaka pakiti zaidi ya 80. Nyumba yenye kununua pakiti 2 kila siku hupata pakiti 80 kwa siku 40. Rangi za maandishi ya pakiti, buluu na nyekundu na kijani, huchanganyika zenyewe, na fundi mwenye jicho zuri huzipanga zikawa milia.

Njia ya pili ni ya pakiti za krispi na biskuti, zile zenye kung'aa kama fedha kwa ndani. Hizo hukatwa vipande vya upana wa vidole vitatu na urefu wa shubiri moja. Kila kipande hukunjwa kwa urefu mara mbili, hata kiwe chembamba chenye tabaka nne. Kisha ncha zake hukunjwa zikutane katikati. Kisha chote hukunjwa mara moja tena, kikawa na miguu miwili kama herufi V. Miguu ya kipande kimoja huingizwa katika mikunjo ya kingine, na hivyo hivyo, hata upatikane mnyororo. Minyororo hushonwa pamoja kwa uzi wa nailoni, ikawa kitambaa cha meza, au mzingo wa kioo cha ukutani, au kikapu kidogo cha kutilia barua na funguo. Kazi hii haitaki moto wala gundi, na hata mtoto aweza kuifanya akisha maliza masomo yake.

Njia ya tatu ni ya magunia ya sukari na mchele, yaliyofumwa kwa nyuzi bapa za plastiki. Gunia hufumuliwa taratibu, nyuzi zikasokotwa juu ya paja kama ilivyosokotwa katani tangu zamani. Mama zetu waliojua kusuka viondo hawakuhitaji kufundishwa. Waliichukua kazi hii wakafanya vikapu vya ukutani na vifuniko vya mitungi, na vijana wakakaa chini kujifunza kwao. Twasema kwa furaha ya kuwa mabibi wawili ambao miaka mingi walihudhuria mikutano hii bila kusema neno, sasa ndio walimu.

Mtauliza, na chupa za plastiki je? Hapo tulikosea, na yafaa tukiri. Katika mwezi wa kwanza tulikuwa na shauku ya chupa. Tulikata vitako vya chupa za soda, ambavyo vina umbo la ua lenye petali tano, tukavipaka rangi, na ili petali zijikunje tukazishika juu ya mshumaa. Maua yalipendeza. Lakini chumba kilijaa harufu, mama mmoja akashikwa na kifua, nasi tukaona ya kuwa tulikuwa tumeukimbia moto wa jiko na kuuwasha mwingine mezani. Tangu siku hiyo moto umekatazwa kabisa katika kazi yetu.

Kuna kosa la pili katika maua yale, nalo lilitambuliwa na kijana mmoja anayefanya kazi kwa mnunuzi wa plastiki kuukuu. Alitueleza ya kuwa chupa za maji na soda, na mitungi migumu, vina wanunuzi wanaovipima kwa kilo na kuvipeleka viwandani vikasagwe na kutumiwa tena. Chupa ikisha pakwa rangi na kutiwa gundi, mnunuzi huikataa. Kwa hiyo sisi kwa mikono yetu tulikuwa tumechukua kitu chenye soko na kukifanya kisiwe nalo. Lakini pakiti laini, na hasa ile ya krispi ambayo imeshikamanishwa na utando wa madini, mnunuzi wa mtaani kwetu haitaki. Basi kanuni yetu imekuwa hii: chenye mnunuzi kiuzwe, kisicho na mnunuzi kifumwe. Chupa sasa hukusanywa katika gunia moja nyuma ya ukumbi na kuuzwa, na fedha hutiwa katika kitabu cha Mweka Hazina.

Yapo pia maonyo machache ambayo twayaandika hapa ili yasisahaulike. Pakiti zitoke jikoni kwetu wenyewe. Mtu asiende kuokota jaani, maana huko kuna vigae na taka za hospitali. Chombo kilichotiwa dawa ya mimea au ya wadudu kisiguswe. Vitambaa vya pakiti za maziwa visiwekewe sufuria ya moto, kwa kuwa politheni hulegea kwa joto lililo karibu na la maji yachemkayo. Wala mapambo haya yasiachwe juani nje, maana jua huikausha plastiki hata ikavunjika vipande vidogo, na vipande hivyo ni vibaya kuliko pakiti nzima kwa kuwa havikusanyiki. Mwisho, mtu asinunue krispi kwa ajili ya pakiti. Twasikia ya kuwa kijana mmoja wa mwanachama alimwomba babaye fedha za pakiti 10, akisema ni kwa kazi ya Chama. Chama hakikumtuma.

Sasa tujibu maswali matatu yaliyoletwa kwa Halmashauri.

La kwanza, je, kazi hii itaondoa taka za Nairobi? La, haitaziondoa, na atakayesema hivyo anawadanganya. Mkeka mmoja ni pakiti 80 katika mji wenye mamilioni ya watu. Tena, mkeka nao utachakaa siku moja. Wajibu mkubwa ni wa viwanda vinavyotengeneza pakiti na wa serikali yenye kuondosha taka. Na sheria ya mwaka 2022 juu ya usimamizi wa taka yasema wazi ya kuwa wanaotia bidhaa sokoni wana wajibu juu ya mabaki yake, kama ilivyowataka wenye nyumba watenge taka zinazooza na zisizooza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Hatutaki kazi ya mama mmoja na sindano yake iwe kisingizio cha mwenye kiwanda kukaa bure. Lakini haki hudaiwa kwa miaka, na jiko huwashwa leo jioni.

La pili, je, kazi hii ina faida ya fedha? Ni ndogo. Baadhi ya vikapu vimeuzwa kwa jirani na kwa wageni, lakini mama akihesabu masaa yake ataona ya kuwa kufua nguo kunalipa zaidi. Hatumshauri mtu aache kibarua chake kwa tumaini la kuuza mikeka. Faida tuliyoiona ni nyumba yenye kupendeza kwa mtu asiye na fedha za mapambo ya dukani, na jioni ambazo mama na watoto hukaa mezani pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki si cha fedha.

La tatu, na hili ndilo zito, je, fedha za maziko zimeguswa? Hazikuguswa. Mikasi 6 na sindano 12 zilinunuliwa kwa michango ya akina mama wenyewe, na hesabu yake iko wazi kwa mwanachama yeyote atakayeitaka. Lakini twaomba Mkutano ulinganishe. Malipo ya hospitali ya mkono mmoja yalitoka katika mfuko wa Chama, nanyi nyote mwajua yalikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya mikasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikiwa Chama chaweza kulipa baada ya mtoto kuungua, hatuoni sababu kwa nini kisiruhusu meza moja kwa ajili ya kuzuia asiungue.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yaleta mbele ya Mkutano huu maombi matatu. Kwanza, akina mama waruhusiwe kutumia ukumbi kila Jumamosi alasiri, kama walivyoutumia kwa ruhusa ya muda. Pili, kila mwanachama akubali katika nyumba yake mwenyewe ya kuwa hakuna plastiki itakayowasha jiko, bali karatasi, vijiti, au maganda makavu ya mahindi. Na jambo hili wanaume walisimamie, wasiwaachie wake zao peke yao, maana wengi wa wanaowasha kwa pakiti ni sisi wanaume wenye haraka ya chai ya alfajiri. Tatu, Wazee wetu waende wakautazame ule ukuta wa nyuma, ambapo kazi zimetundikwa, kabla ya kupiga kura. Hatuombi wavisifu. Twaomba wavishike mkononi.

Kitambaa kilicho mezani pa Mwenyekiti, ambacho daftari la mahudhurio limewekwa juu yake tangu asubuhi, kilifumwa kwa pakiti za maziwa na mama wa mtoto yule. Mtoto mwenyewe amepona, ijapokuwa kidole kimoja hakijanyooka vema, na daktari asema labda hakitanyooka. Yeye ndiye aliyekata pete za uzi kwa mkasi, kwa mkono ulio mzima. Mama yake alituomba tusimtaje kwa jina, nasi hatukumtaja. Lakini aliturudishia neno moja la kuwaambia, ya kuwa siku hizi anajua pa kuziweka.

 

Ni sisi watumishi wenu,

Karani, kwa niaba ya Halmashauri